Tusimwache "Mmachinga" abaki midomoni tu

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe yangu machache kuhusu mchezo wa kandanda, na hasa kuhusu mchezaji mmoja ambaye sisi wapenzi wa mpira wa Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na huko kwenye mdomo wa Mto Ruvuma, hatujaacha kumtaja. Huyo ni Mohamed Hussein, aliyekuwa mshambuliaji wa Yanga katika miaka ya 1990. Ukilitaja jina hilo peke yake wengi watakutazama tu. Ukiongeza lile la utani, "Mmachinga", hata mtoto wa shule atakuambia, "Aa, yule wa mabao 26!"

Kila mwaka msimu wa Ligi Kuu unapokwisha, mabaraza ya hapa kwetu hurudia swali lile lile. Redio ikishamtangaza mfungaji bora na idadi ya mabao yake, mzee mmoja huuliza, "Njomba, 26 imefikiwa?" Na wenziwe humjibu kwa pamoja, "Bado!" Msimu wa 2023/24 mfungaji bora alikuwa Stephane Aziz Ki wa Yanga, mabao 21. Bado. Msimu wa 2024/25 akawa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Bado.

Mabao 26 ndiyo hesabu aliyoiweka Mmachinga mwaka 1999, na ndiyo inayotajwa hadi leo kuwa rekodi ya mabao mengi zaidi kufungwa na mchezaji mmoja katika msimu mmoja wa ligi yetu. Zaidi ya robo karne imepita. Wamekuja wafungaji hodari kutoka Burundi, Rwanda, Uganda, Kongo, Burkina Faso na Ivory Coast, wamefunga na wamesifiwa kwa haki, lakini hesabu ile imewashinda.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja ili nisije nikadhaniwa vingine. Mimi kwa upande wa klabu ni mpenzi wa Simba, tangu enzi zile ikiitwa Sunderland, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1971. Kwa hiyo siandiki barua hii kwa ushabiki wa Jangwani. Naandika kwa sababu zipo sifa ambazo si za klabu moja, na hii ya Mmachinga ni mojawapo. Huku kwetu hata sisi wa Msimbazi, Yanga ilipokuwa ikicheza na timu nyingine, tulikuwa tukiuliza kwa sauti ya chini, "Yule kijana wetu kafunga?"

JINA LILILOKUWA KEJELI

Vijana wa siku hizi huenda wasielewe kwa nini jina hilo lilitugusa sana. Wamachinga ni kabila la watu wa Mkoa wa Lindi, upande wa Kilwa. Tangu miaka ya 1980 kuelekea mwisho wake, na zaidi katika miaka ya 1990, vijana wengi wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Hawakuwa na mtaji wa kukodi duka. Walishika bidhaa mikononi, mashati, saa, viatu, vitana, wakazunguka nazo mitaani juani tangu asubuhi hadi jioni. Watu wa jiji wakawaita Wamachinga. Baadaye jina likaenea, likawa la kila mchuuzi wa barabarani, hata awe ametoka Moshi au Shinyanga. Wapo wanaodai kuwa neno hilo limetokana na Kiingereza. Sisi tunaotoka upande huu hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho.

Leo jina hilo limeandikwa juu ya jengo kubwa pale Ilala, Machinga Complex, na viongozi hulitaja kwenye hotuba. Lakini wakati ule halikuwa jina la heshima. Kuitwa Mmachinga kulikuwa na maana ya mtu wa kufukuzwa na mgambo, mtu asiye na anwani, mtu aliyetoka "huko kusini kwenye korosho". Kijana wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi mjini alikuwa akiificha lafudhi yake ili asichekwe.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Katika jiji lile lile, miaka ile ile, maelfu ya watu waliosimama katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao siku hizi ni Uwanja wa Uhuru, walikuwa wakilitaja jina hilo hilo kwa furaha. Asubuhi mtu anapiga kelele, "We Mmachinga, toa vitu vyako hapa!" Jioni mtu huyo huyo yuko jukwaani anaomba, "Mpe Mmachinga! Mpe Mmachinga!" Mpira ukishagusa nyavu anamkumbatia asiyemjua aliyekaa pembeni yake, na pengine aliyekumbatiwa ndiye aliyefukuzwa asubuhi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya sisi wa kusini kumhesabu kuwa wetu. Yeye hakulikataa jina. Alilichukua akaingia nalo uwanjani, na kila alipofunga alilipandisha bei. Kijana mwenye sanduku la peremende begani, aliposikia redioni kuwa Mmachinga amefunga, alitembea kifua mbele siku ile. Si jambo dogo hilo kwa mtu ambaye siku nzima hakuna anayemwita kwa jina lake alilopewa na wazazi.

TULIMWONA KWA MASIKIO

Jambo la pili linalofanya kumbukumbu yake iwe ya namna ya peke yake ni kwamba wengi wetu hatukumwona kwa macho mara nyingi. Tulimwona kwa masikio.

Mtwara na Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilometa mia tano. Wakati ule daraja la Mto Rufiji halikuwapo; lilifunguliwa mwaka 2003. Magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, barabara iligeuka tope na njia ikafungwa. Mwaka wa mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998, ilikuwa taabu kubwa zaidi. Aliyetaka kusafiri alingoja meli, au kama alikuwa na fedha alipanda ndege. Magazeti yalitufikia yakiwa yamechelewa, na matokeo ya mechi tuliyasoma wakati wachezaji wenyewe wameshacheza nyingine. Televisheni zilianza Tanzania Bara mwaka 1994, lakini kwa mtu wa Msimbati au Kitaya hiyo ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Kwa hiyo palikuwa na redio. Redio moja ilikusanya nyumba kumi. Mawe yakipungua nguvu, yalianikwa juani tangu asubuhi ili yafike jioni ya mechi. Watu walikaa chini ya mwembe, wengine wakibangua korosho, wengine wakishona nyavu, na hakuna aliyeruhusiwa kusema mpaka mpira utoke nje. Nawakumbuka wavuvi ambao, siku Yanga na Simba zinacheza, walikuwa wakitazama maji yanavyojaa na kutazama redio, wasijue wafuate lipi. Bahari haimngoji mtu, lakini jioni hizo ilingojeshwa.

Mtangazaji alipotamka, "Mpira unamkuta Mmachinga," pumzi zilikatika. Kila mmoja alimchora kichwani mwake jinsi alivyopenda. Kwa mwingine alikuwa mrefu kama mnazi, kwa mwingine mfupi mwenye nguvu kama mchukuzi wa bandarini. Watoto walipomaliza kusikiliza walikimbilia ufukweni, maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu, wakacheza kwa mpira wa makaratasi na matambara. Hapo ugomvi ulikuwa mmoja tu: nani leo awe Mmachinga.

UZITO WA MABAO 26

Wapo watakaosema, "Mzee, unazidisha. Zamani mabeki walikuwa laini, siku hizi mpira umekuwa mgumu." Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na inastahili kujibiwa kwa hesabu badala ya kelele.

Amissi Tambwe, mshambuliaji kutoka Burundi, alifunga mabao 19 akiwa Simba msimu wa 2013/14, na mabao 21 akiwa Yanga msimu wa 2015/16. Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga 20 akiwa Simba msimu wa 2017/18. Meddie Kagere wa Rwanda, naye wa Simba, alifika 23 msimu wa 2018/19, na mwaka uliofuata akapata 22. Hawa wote ni wafungaji wa kweli, na mimi nikiwa mpenzi wa Simba niliwashangilia. Nilimwombea Kagere afike 27, sikatai.

Lakini angalia. Misimu ile miwili ya Kagere ligi ilikuwa na timu 20, maana yake kila timu ilicheza mechi 38. Ni mechi nyingi mno kwa ligi yetu. Pamoja na mechi zote hizo, na pamoja na Simba kuwa bingwa mwaka huo na mwaka uliofuata, alipungukiwa mabao matatu kuifikia hesabu ya Mmachinga. Kama kufunga 26 kungekuwa jambo la ulaini wa mabeki tu, basi katika ligi yenye mechi 38 mtu mmoja angekwisha kuipita.

Zaidi ya hayo, mwaka 1999 ubingwa haukwenda Jangwani. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ndiyo iliyokuwa bingwa mwaka ule, ikarudia tena mwaka 2000. Hiyo ina maana kwamba ligi haikuwa ya timu mbili zinazogawana mabao dhidi ya wanyonge. Zilikuwapo timu za mikoani zenye meno, zilizoweza kuwafunga wakubwa na kuwanyang'anya kombe. Ndani ya ligi ya namna hiyo mtu mmoja alifunga mara 26. Si bahati hiyo.

HESABU BILA KITABU

Hapa sasa nafika kwenye dukuduku langu hasa, Ndugu Mhariri, lililonifanya nichukue kalamu.

Hivi karibuni palikuwa na mabishano barazani kwetu. Mmoja alisema mabao mengi ya Mmachinga aliyafunga kwa mguu wa kulia. Wa pili akaapa kuwa ni kichwa. Wa tatu akasema wote hamjui kitu, siri yake ilikuwa kusimama mahali ambapo mpira utafika kabla haujafika. Kijana mmoja, mwanafunzi, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu, akauliza, "Babu zangu, naomba mnitajie timu alizozifunga yale mabao 26. Nataka kuandika."

Kimya. Tukatazamana. Mmoja akataja timu mbili, mwingine akamkanusha. Hakuna aliyeweza kutaja tarehe hata moja. Yule kijana alijaribu kutafuta kwenye simu yake, maana siku hizi kila kitu kimo humo. Alikuta jina, mwaka na ile namba 26. Basi. Akafunga simu akasema, "Babu, hapa kuna hesabu ya mwisho, lakini hamna hesabu yenyewe."

Maneno hayo yamenikaa. Tuna jumla, lakini hatuna orodha. Tunajua alivuna magunia 26, lakini hatujui shamba lilikuwa wapi wala mvua ilinyesha lini.

Tazameni jirani zetu. Ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji. Nchi hiyo ilimzaa Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji ambao siku hizi unaitwa Maputo. Akachukuliwa kwenda Ureno, na katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 kule Uingereza akawa mfungaji bora kwa mabao 9. Mtoto wa leo, awe Palma au Tokyo, anaweza kujua kila bao katika hayo 9: lilifungwa na timu gani iliyokuwa upande wa pili, dakika gani, kwa penalti au kwa mpira wa kawaida. Anajua kuwa manne aliyafunga katika mechi moja dhidi ya Korea Kaskazini, Ureno ilipokuwa imetanguliwa kwa mabao matatu ikashinda 5 kwa 3. Hayo ni ya miaka 33 kabla ya 1999. Wenzetu waliyaandika, kwa hiyo yapo. Ya kwetu ni ya juzi tu, na tayari tunabishana.

Ni kweli nasi tunayo machache yaliyohifadhiwa katika akili za watu. Bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, mwaka 1979, lililotupeleka kwenye fainali za Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, halitasahaulika. Lakini hilo lilikuwa bao la Taifa zima, siku moja, na nchi nzima ilikuwa redioni. Kazi ya ligi ni kazi ya kila Jumamosi, leo Mwanza, kesho Mbeya, kesho kutwa Tanga. Hiyo ndiyo inayopotea upesi, kwa sababu kila bao moja laonekana dogo siku linapofungwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mchezaji akishatundika viatu, hayupo tena uwanjani wa kujitetea. Maandishi ndiyo yaliyopaswa kumtetea.

KUSINI NAKO

Nilisema mwanzo kwamba jambo hili linatugusa sisi wa kusini kwa namna yake. Nieleze.

Mpira wa huku umepanda na kushuka kama maji ya bahari. Tulikuwa na Bandari ya Mtwara, timu iliyocheza na wakubwa wa nchi hii na kuwatoa jasho. Wenzetu wa Lindi walikuwa na Kariakoo yao. Zote zimebaki masimulizi. Pakawa na kiu ya miaka mingi, mpaka Ndanda FC, "Wana Kuchele", walipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15. Mji ulifurika siku za mechi; watu walitoka Newala, Tandahimba na Masasi kuja kuona. Ndanda wakashuka mwaka 2020. Sasa tunajivunia Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, iliyopanda mwaka 2019, ikacheza fainali ya kombe la Shirikisho la nchi dhidi ya Simba mwaka 2020 kule Sumbawanga, ikafika hadi hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Hongera kwao.

Lakini timu zinapopanda na kushuka namna hii, kinachobaki ni majina ya wachezaji. Na majina hayo yasipotunzwa, kila kizazi huanza upya kana kwamba kusini hapajapata kuchezwa mpira.

Tazama jambo jingine. Uwanja wetu wa Mtwara unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa heshima ya Mzee Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU. Uwanja mkubwa wa nchi, kule Temeke, unaitwa Benjamin Mkapa, kwa heshima ya Rais wetu wa awamu ya tatu, mwana wa Lupaso, Masasi, ambaye wakati wa uongozi wake ujenzi wa uwanja huo ulianza. Viwanja viwili, vyote vina majina ya wana wa Mtwara. Ni heshima kubwa na wamestahili. Lakini wote wawili ni viongozi wa siasa. Sijaona jukwaa, sijaona lango, sijaona hata benchi la wachezaji wa akiba lenye jina la mtu aliyeucheza mpira wenyewe na kutupa sisi wa kusini sababu ya kuinua vichwa.

Kule Italia, mji wa Naples uko kusini ya nchi hiyo. Watu wake nao kwa miaka mingi walidharauliwa na wa kaskazini, wakiitwa majina ya kejeli viwanjani. Akaja Diego Maradona, wakachukua ubingwa mwaka 1987 na tena mwaka 1990. Alipofariki Novemba 2020, haukupita mwezi uwanja wao ukapewa jina lake. Sisemi Mmachinga ni Maradona. Kila nchi ina kipimo chake. Nasema tu kwamba watu wa Naples walijua nani aliwafuta machozi, na wakaliandika jina lake mahali ambapo mvua haiwezi kulifuta.

MAOMBI MATATU

Sipendi barua za kulalamika bila kupendekeza. Nina maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kwa viongozi wa mpira wa nchi yetu, wa Taifa na wa mikoa. Orodha ya mabao 26 ya mwaka 1999 itengenezwe wakati wahusika wapo hai. Magazeti ya mwaka ule yamo katika maktaba, hayajaliwa yote na mchwa. Waamuzi waliochezesha wapo, makipa waliofungwa wapo, na kipa hasahau aliyemfunga. Apatikane mtu mwenye subira akae na magazeti hayo Jumatatu hadi Jumatatu, aandike: mechi, uwanja, tarehe, dakika. Akimaliza ya 1999 aendelee na miaka mingine, na wafungaji wengine. Siombi kwa ajili ya Mmachinga peke yake. Wako wa Songea, wako wa Tanga, wako wa Kigoma, ambao sifa zao zimo katika hali hiyo hiyo.

La pili ni kwa sisi wenyewe wa Mtwara. Uwanja wa Nangwanda Sijaona una kuta. Uwekwe ubao mmoja, hata wa mninga, yaandikwe majina ya wachezaji wa kusini waliong'ara katika ligi na Timu ya Taifa. Watoto wanaokwenda kucheza mashindano ya shule wapite hapo wasome. Mtoto akiona jina la mtu aliyeanza kwa mpira wa makaratasi kama yeye, atafunga kamba za viatu kwa moyo mwingine. Na siku moja wazee hao waitwe uwanjani kabla ya mechi, washikwe mkono, wapigiwe makofi. Mcheza kwao hutunzwa. Huo ni usemi wetu wenyewe, tusiuache ukawa wa kwenye kanga tu.

La tatu ni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Yeyote aliyemwona Mmachinga akifunga, awe alikuwa jukwaani, awe alikuwa beki aliyepitwa, aandike. Asitafute maneno mazuri. Aseme tu: siku fulani, uwanja fulani, nilikuwa nimekaa mahali fulani, mpira ulitoka upande huu, akafanya hivi. Mambo kumi ya namna hiyo yakikusanywa yatazidi hotuba mia za sifa.

Najua wapo watakaoniuliza, nchi ina matatizo ya bei ya korosho, maji na barabara, wewe unashughulika na mabao ya mwaka 1999? Jibu langu ni kwamba mtu hali korosho peke yake. Vijana wetu wa leo wanaweza kukutajia mabao yote ya washambuliaji wa Ulaya, wiki kwa wiki, na kuvaa jezi zenye majina yao mgongoni. Siwalaumu, kwa sababu wale wa Ulaya wameandikwa. Ukitaka kijana amheshimu wa kwao, mpe kitu cha kusoma kuhusu wa kwao. Kumwambia "sisi zamani tulikuwa na watu" bila ushahidi ni kumfundisha kutuona wazee waongo.

Na ipo siku hiyo 26 itafikiwa. Rekodi huwekwa ili zivunjwe, na mimi nitampigia makofi atakayeivunja, awe wa Simba, Yanga, Azam au Namungo. Lakini siku hiyo ikifika, ningependa mvunjaji ajue alichokivunja. Apewe ile orodha mkononi, bao la kwanza hadi la 26, aone kila mahali alipopita mwenzake. Hapo rekodi itapokelewa na mtu kutoka kwa mtu. Ikivunjwa kabla hatujaandika, namba 26 itafutwa, na pamoja nayo litafutika jambo la mwisho ambalo vijana wanalijua kumhusu mtu aliyeligeuza jina la kejeli kuwa jina la kushangiliwa.

Wale wachuuzi waliokuwa wakitembea kifua mbele mwaka 1999 sasa wana wajukuu. Wengine wamerudi huku, wana maduka yao Chikongola na Magomeni. Ukitaja jina lile mbele yao bado wanatabasamu. Tuandike wakati bado wapo wa kutabasamu.



Mpenzi wa Kandanda,
Chikongola,
Mtwara.